Wajinga Ndio Waliwao? La, Hasha!

Kuna msemo mmoja tunaousikia sana siku hizi vinywani mwa vijana wetu wa Bunia, nao ni huu: wajinga ndio waliwao. Wausema wakicheka. Wausema sokoni, wausema juu ya pikipiki, wausema hata mlangoni pa kanisa Misa ikiisha. Msemo wenyewe ni wa zamani, na wazee walioutumia walitaka kuwaonya wajinga wafungue macho. Lakini vijana wetu wameupindua. Kwao si onyo tena, bali ni ruhusa: yaani, ukimkuta mtu asiyejua, umle. Leo twataka kuupinga msemo huo, nasi tutaupinga kwa habari ya jambo dogo, ambalo huenda wengi watalicheka: biashara ya vijitabu vya picha vya zamani.

HABARI YENYEWE

Katika parokia yetu yuko mzee mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu. Wote humwita Papa Mwalimu, nasi tutamwita vivyo hivyo bila kutaja jina lake. Alipokuwa mwanafunzi Kisangani, katika miaka ya 1970, alikuwa na tamaa moja tu: vijitabu vya picha vya Kifaransa, vile ambavyo watoto wa mji huviita bede. Alijinyima sukari apate kununua kimoja. Hivyo akakusanya Blek, Zembla, Akim, na vile vya mashujaa wa Kimarekani wenye nguvu zipitazo za binadamu, vilivyochapwa mjini Lyon kwa jina la Strange tangu Januari 1970. Vyote alivitia katika sanduku la bati.

Sisi wenyewe tulijifunza kusoma Kifaransa kutoka katika sanduku lile. Jumamosi mchana tulikaa watoto saba au wanane chini ya mwembe wake, kila mmoja na kijitabu chake. Sheria zilikuwa mbili: nawa mikono kwanza, na usikunje ukurasa. Mwezi wa Mei 2003, mji wetu ulipoporwa na watu wakakimbia kila upande, Papa Mwalimu aliacha vitanda, akaacha hata baiskeli, lakini sanduku alilifukia nyuma ya jiko. Aliporudi alilikuta. Vyombo vyote vya nyumba vilikuwa vimekwenda, vijitabu vilikuwapo.

Miaka mingi baadaye mkewe aliugua, na dawa zataka fedha. Ndipo kijana mmoja wa parokia yetu, mtoto mwema, mwimbaji wa kwaya, alipomwendea akamwambia: "Papa, nasikia una makaratasi ya zamani. Nitakusaidia kuyaondoa." Akampa dola 15 kwa vyote. Papa Mwalimu alishukuru, akampa na sanduku lenyewe bure. Kumbe kijana alikuwa amekwisha kuona katika simu yake bei za Ulaya. Vijitabu viwili peke yake, vya Strange, alimwuzia mkusanyaji mmoja wa Ubelgiji kwa dola 180. Vilivyobaki aliviuza polepole, kimoja kimoja.

Twaungama kosa letu. Kijana alipotusimulia habari hiyo, tulicheka, tukampigapiga begani, tukamwambia: "Wewe umefungua macho!" Ndiyo, sisi, mwalimu wa dini. Siku ya tatu yake tulikutana na Papa Mwalimu njiani, akienda kuomba dawa kwa mkopo. Akatuambia kwamba kijana yule ana moyo mzuri sana, maana alimwondolea takataka, tena akampa na fedha. Hapo kicheko chetu kilitukwama kooni. Tangu siku ile makala hii imekuwa moyoni mwetu, leo twaiandika.

KWA NINI KARATASI KUUKUU ZINA BEI

Huenda msomaji auliza: karatasi ya zamani yawezaje kuwa na bei kuliko mpya? Jibu si gumu. Kitu huwa ghali wakiwa wengi wanaokitaka, na chenyewe kikiwa kichache. Vijitabu hivi vilichapwa kwa maelfu na maelfu, kwa karatasi duni, ili mtoto asome kisha atupe. Akina mama waliwashia moto, wauzaji wa karanga walivikunja vikawa vifuko, na waalimu wakali walivichana mbele ya darasa. Huko Ufaransa sheria ya tarehe 16 Julai 1949 iliweka tume ya kuchunguza magazeti ya watoto. Gazeti Fantask la Lyon, lililoanza mwaka 1969 kuwaleta mashujaa wa Marekani, lilikoma baada ya namba 7 tu kwa ajili ya tume hiyo. Basi vilivyosalia ni vichache, na kwa sehemu waliovichukia ndio waliovipandisha bei!

Kisha watoto wale wa zamani wakawa watu wazima wenye mishahara, wakautamani utoto wao. Sinema nazo zikawafanya mashujaa wale wajulikane dunia nzima. Black Panther, mfalme wa Kiafrika wa nchi ya kubuniwa iitwayo Wakanda, alitokea mara ya kwanza katika namba 52 ya Fantastic Four, mwezi wa Julai 1966. Sinema yake ilipotoka mwaka 2018, wakusanyaji waliikimbilia namba ile kama wachimbaji wakimbiliavyo shimo jipya huko Mongbwalu. Miaka ya 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, bei zilipanda kupita kiasi. Kijitabu cha mwaka 1962 ambamo Spider-Man alionekana mara ya kwanza kiliuzwa zamani senti 12. Mwezi wa Septemba 2021 nakala yake moja ilitoka kwa dola milioni 3.6. Kijitabu cha kwanza cha Superman, cha Juni 1938, kiliuzwa zamani senti 10; mwezi wa Aprili 2024 nakala moja ilifika dola milioni 6.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Mjini Kinshasa, tangu 1990, mchoraji Papa Mfumu'eto alitoa vijitabu vyake vya Kilingala kwa karatasi hafifu, vikauzwa barabarani kwa fedha kidogo. Habari yake ya nyoka aliyemmeza mwanamke ilivuma mji mzima. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Twafurahi kwamba zimetunzwa. Lakini twauliza: ni shule ngapi za Ituri zenye kijitabu chake hata kimoja?

Basi msidhani kwamba twasema habari ya takataka. Twasema habari ya mali. Nasi wenyeji wa Ituri, je, tufundishwe na nani maana ya mali iondokayo nyumbani kwa bei ya kutupa? Dhahabu ya Kilo na Moto imekwisha kutufundisha.

UDHURU WAO, NA MAJIBU YETU

Tulipoanza kusema neno hili katika kikundi cha vijana, walitujibu kwa maneno mengi. Tuyatazame moja moja, tena bila kuwadhulumu.

Kwanza, walisema: "Mzee alikubali mwenyewe. Hakuna aliyemshurutisha." Ni kweli, alikubali. Lakini alikubali nini? Alikubali kuuza makaratasi. Hakukubali kuuza vitu vya mamia ya dola, kwa sababu hakuwa na habari kwamba anavyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, aliliona jambo hili miaka mia saba na zaidi iliyopita. Alisema kwamba mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua kuwa ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua kwa udhalimu, naye hana budi kurudisha. Tazameni neno hilo: kurudisha. Hakusema asikitike tu, wala hakusema atoe sadaka Jumapili. Fikirini mama wa kijijini aliyeokota jiwe mtoni, na mfanyabiashara akamwambia, "Mama, jiwe hili halina kitu, nipe nichezee." Sisi sote hapa Ituri twajua kumwita mfanyabiashara huyo kwa jina lake. Mbona basi twabadili jina kitu kikiwa karatasi?

Pili, walisema: "Kitu kina thamani ya kile mtu anachotoa. Hapa Bunia vijitabu vile havikuwa na thamani." Jibu letu ni swali moja dogo: kama havikuwa na thamani, kwa nini uliificha simu? Kama bei ya Ulaya haikuhusu, ungeweza kumwonyesha Papa Mwalimu bei ile, kisha umpe dola zako 15. Hukumwonyesha kwa sababu ulijua kwamba akiiona hatakubali. Basi bei ile ilihusu.

Tatu, walisema: "Tumefanya kazi. Tumetafuta, tumepiga picha, tumelipa intaneti, tumepeleka mzigo hadi Uganda ukaingie ndege." Hapa twawapa haki yao. Kazi ni kazi, na mwenye kazi astahili ujira wake. Tomaso yule yule asema kwamba faida ya biashara si mbaya kwa yenyewe, ikiwa mtu aitafuta kwa kiasi ili alishe nyumba yake au apate malipo ya jasho lake. Bila kijana yule, sanduku lingalibaki chini ya kitanda mpaka mchwa walipate. Achukue gharama zake zote, achukue na ujira mzuri. Lakini hebu tupige hesabu ya vijitabu viwili tu. Toa dola 15 za sanduku zima, toa hata dola 60 za njia na kazi. Zabaki dola 105. Hizo ni ujira wa kazi gani? Ni ujira wa kunyamaza.

Nne, walisema neno ambalo wao waliliona kuwa ngome yao: "Kujua ni mtaji. Tumesoma, tumetafuta, wengine wamelala." Kijana mmoja aliyesoma seminari ndogo akatuletea Tomaso mwenyewe atupige naye. Maana ni kweli, Tomaso aeleza habari ya mfanyabiashara aletaye ngano mahali penye njaa, naye ajua kwamba nyuma yake waja wengine wenye ngano nyingi. Je, alazimika kuwaambia wanunuzi? Tomaso ajibu kwamba kwa haki kali hadhani kuwa alazimika. Lakini akisema, au akipunguza bei, atakuwa mwema zaidi.

Hatuifichi habari hiyo, maana haifai kuficha bei wala kuficha kitabu. Lakini isomeni vema. Mfanyabiashara wa ngano auza kwa bei iliyopo siku ile mahali pale, bei ambayo kila mtu sokoni aijua. Bei ya kesho bado haijazaliwa. Kijana wetu hakubahatisha bei ya kesho. Alikuwa na bei ya leo mfukoni. Wala hakukutana na Papa Mwalimu sokoni, mahali ambapo kila mtu amekaza mkanda na kusema bei mara tatu. Alimkuta chini ya mwembe, akamwita Papa. Mwenye kuingia nyumbani mwa mtu kwa mlango wa undugu asitoke kwa mlango wa soko.

MTU MMOJA NA KITABU KIMOJA

Mtakatifu Augustino atupa mfano ulio karibu zaidi na habari yetu, maana nao ni wa kitabu. Katika kazi yake juu ya Utatu Mtakatifu asimulia mchekeshaji mmoja aliyewaahidi watu kwamba atawaambia neno wote wanalolitaka moyoni. Siku ilipofika watu wakajaa, naye akasema: mwataka kununua rahisi na kuuza ghali. Wote wakashangilia. Lakini Augustino hakukubali kwamba hivyo ndivyo watu wote walivyo. Asema kwamba alimjua mtu mmoja aliyeletewa kitabu cha kununua. Mwuzaji hakujua thamani yake, akataja bei ndogo sana. Mnunuzi akampa bei ya haki, kubwa kuliko aliyotaja, na mwuzaji hakuitazamia.

Zama zile vitabu viliandikwa kwa mkono, na kitabu kimoja kilikuwa mali kweli. Mtu yule aliona nafasi ile ile aliyoiona kijana wetu. Hakutoa hotuba; alifungua mfuko tu. Na jambo hilo lilimgusa Augustino hata akaliandika, nasi twalisoma baada ya miaka elfu moja na mia sita. Basi asituambie mtu kwamba haiwezekani.

WALIOLIWA WA KWANZA

Tena yafaa vijana wajue kwamba katika biashara hii walioliwa wa kwanza walikuwa vijana kama wao. Superman alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Mwaka 1938 waliuza haki zao zote juu ya shujaa huyo kwa dola 130. Kampuni ilitajirika, wao walishtaki, wakashindwa, wakaishi kwa shida. Ni mwaka 1975 tu, walipokwisha kuwa wazee, ndipo walipopewa pensheni na majina yao yakarudishwa katika kazi yao. Na sasa sikilizeni: ile hundi ya mwaka 1938 waliyolipiwa, ambayo ndani yake zimo dola zile 130, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya kushuhudia jinsi walivyopunjwa ilipata bei kuliko walicholipwa! Haya ndiyo matunda ya msemo wa wajinga ndio waliwao.

Nao wanaokula hawadumu na shibe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shauku kama hii iliwashika Wamarekani. Mwaka 1991 namba ya kwanza ya X-Men ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8, yenye majalada mbalimbali, ili mtu mmoja anunue mara nyingi. Novemba 1992 ilitoka namba ya kifo cha Superman, imefungwa ndani ya mfuko mweusi, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Watu waliziweka kabatini wakingoja utajiri. Lakini kitu kilichowekwa na kila mtu si kichache tena. Bei zikaanguka, maduka mengi yakafungwa, na kampuni ya Marvel yenyewe ilikwenda mahakamani Desemba 1996 kutangaza kwamba imeshindwa na madeni yake. Kijana mwenye dola chache za kwanza asome habari hiyo kabla ya kununua sanduku la pili kwa mkopo.

Neno la mwisho juu ya bei. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, yahesabu kati ya matendo mabaya kuchezea bei za vitu kwa hila ili mtu apate faida kwa hasara ya wengine. Basi wale wanaonunua nakala zote wazifiche, wakisema vimekwisha hali vimejaa chini ya kitanda, wajue kwamba Kanisa limekwisha kuwafikiria.

TUFANYE NINI

Hatusemi vijana waache biashara hii. Wakiiacha wao, ataifanya mgeni, naye hatamwita mtu Papa. Twasema waifanye hivi.

Ukimwendea mtu mwenye vijitabu vya zamani, mwambie kwanza kwamba vyatafutwa, tena mwonyeshe bei katika simu yako. Kisha semeni wazi: hizi ni gharama zangu, huu ni ujira wangu, hii ni sehemu yako. Kama hujui bei, chukua kwa mapatano kwamba mtagawana kitakachopatikana. Usimwendee mtu siku ya msiba wala ya ugonjwa ukajifanya mwokozi wake. Kama umekwisha kununua kwa kunyamaza, rudisha. Nusu si aibu, kidogo kidogo si aibu. Na ninyi wazee, kabla ya kuuza, waulizeni wajukuu wenu, au mleteni mtu anayejua asiyetaka kununua.

Nasi sote tukumbuke kwamba kijitabu kiliandikwa kisomwe. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni huko Marekani zinazokipima kijitabu, zikakipa alama mpaka 10, kisha zikakifunga ndani ya plastiki ngumu. Kuanzia hapo hakifunguliwi. Ukikifungua, alama yapotea. Hatuwezi kuwazuia wenye fedha zao. Lakini parokia yaweza kuweka kabati moja lenye kufuli, na vijitabu vichache visivyouzwa, na sheria mbili za Papa Mwalimu: nawa mikono, usikunje ukurasa.

Kijana yule alikwenda. Hatukumpeleka kwa nguvu. Tulimwambia tu kwamba tulikosa tulipomsifu, naye alinyamaza majuma mawili. Kisha alikwenda peke yake jioni, akampa Papa Mwalimu dola 100, akamweleza yote. Papa Mwalimu alizihesabu, akampa mkewe. Hakumlaumu. Alimwuliza neno moja tu: "Na huko Ubelgiji, watoto wanavisoma?" Kijana hakuwa na la kumjibu. Alipotueleza, sisi pia hatukuwa nalo.

Basi, ndugu zetu vijana, mkiusikia tena msemo ule, ujibuni. Asiyejua si chakula. Asiyejua ni mtu wa kuambiwa, hasa akiwa ndiye aliyekufundisha kusoma hiyo bei.